The Godfather: uanze na riwaya ya Puzo au filamu ya Coppola?

Anayetaka kujua namna hadithi inavyosukwa na mhusika anavyojengwa hahitaji kusoma vitabu vingi vya nadharia. Achukue kisa kimoja kilichosimuliwa mara mbili, kwenye karatasi na kwenye skrini, kisha aangalie kila msimulizi alitumia nini na akatupa nini. Visa vya aina hiyo ni vingi. Mimi mtu akiniuliza, humwelekeza kwenye The Godfather. Riwaya ni ya Mario Puzo, ilitoka mwaka 1969. Filamu iliongozwa na Francis Ford Coppola, ikatoka 1972, na skripti yake waliandika wawili hao pamoja. Kwa hiyo mwandishi yuleyule alikikalia kitako kisa kilekile mara mbili, na mara ya pili akawa na mtu wa kumwambia hiki kikate, hiki kiache.

Jibu la swali lenyewe nalitoa mapema. Kama unataka kuandika, iwe hadithi au skripti, anza na filamu, halafu uingie kwenye riwaya ukijua unatafuta nini. Kama wewe ni mwanafunzi wa fasihi unayetakiwa kuchambua fani, wahusika na usimulizi, anza na riwaya. Kama unataka starehe tu, tazama filamu na usijisumbue. Huko mbele nakisimulia kisa mpaka mwisho wake, kwa hiyo asiyetaka kuondolewa utamu akatazame kwanza, kisha arudi.

Kwa asiyekijua: Don Vito Corleone ni mhamiaji kutoka Sicily anayeongoza familia ya wahalifu mjini New York. Ana watoto wanne, Sonny, Fredo, Michael na Connie, na mwingine wa kulea, Tom Hagen, ambaye ndiye mshauri wake. Michael amerudi kutoka Vita Kuu ya Pili akiwa na nishani, ana mchumba anayeitwa Kay, na shughuli za baba yake hazitaki. Baba anapigwa risasi barabarani. Kisa chote kilichobaki ni safari ya Michael kutoka mwana aliyejitenga hadi Don mpya.

Namna ya kuingia

Riwaya inaanzia mahakamani. Amerigo Bonasera, mtu mwenye shughuli za kuandaa mazishi, anasubiri haki: vijana wawili wamempiga na kumjeruhi vibaya binti yake. Hakimu anawapa adhabu ya kifungo, kisha anaisimamisha palepale, nao wanaondoka huru. Bonasera anaamua kwenda kwa Don Corleone. Puzo anamwacha hapo, anaruka hadi Los Angeles, kwa mwimbaji Johnny Fontane aliyelewa akimngoja mkewe. Kisha anamwacha na huyo, anakwenda kwa mwoka mikate Nazorine, ambaye binti yake anampenda mfungwa wa vita wa Kiitaliano aliye mbioni kurudishwa kwao. Ndipo tunafika harusini kwa Connie, Jumamosi ya mwisho ya Agosti 1945.

Angalia kilichofanyika. Don hajatokea bado, ila tayari unajua ukubwa wake, kwa sababu watu watatu wasiofahamiana, wenye shida zisizofanana, wamefikia jina lilelile. Mhusika mkuu ametambulishwa kwa shida za wengine. Ni mbinu rahisi kuiga na ni vigumu kuichosha, na riwaya ndiyo inayokuonyesha jinsi inavyopangwa hatua kwa hatua.

Filamu inaitupa mahakama yote. Skrini ni nyeusi, inasikika sauti ya mtu akisema anaiamini Marekani, kisha unatokea uso wa Bonasera gizani. Anasimulia mwenyewe yaliyompata binti yake. Lenzi inarudi nyuma taratibu mno, kwa karibu dakika tatu, mpaka pembeni mwa picha unaanza kuona bega na mkono wa anayesikiliza. Kwa maelezo ya darasani, Puzo alitumia msimulizi maizi, yule aliye popote na ajuaye yote. Coppola amekuketisha nyuma ya Don, umtazame mwombaji kwa jicho la anayeombwa. Dakika tatu za kwanza na umeshakuwa upande wa mhalifu bila kuulizwa.

Na kuna mwanga. Mpiga picha Gordon Willis aliweka taa juu ya vichwa, kiasi kwamba macho ya Marlon Brando mara nyingi yamezama kwenye kivuli. Humwoni Don anawaza nini. Wakubwa wa studio walilalamika kuwa picha ni ya giza mno. Leo giza hilo ndilo linalofundishwa.

Mgahawani

Kama una jioni moja tu ya kulinganisha, linganisha hapa.

Michael amekubali kuonana na Sollozzo, mfanyabiashara wa dawa za kulevya aliyepanga baba yake auawe, na Kapteni McCluskey, polisi anayemlinda Sollozzo. Wanakula kwenye mgahawa wa Kiitaliano huko Bronx. Bastola imefichwa chooni, nyuma ya tangi la maji. Clemenza, mkongwe wa familia, amemfundisha: ukitoka chooni usikae, fyatua hapohapo. Michael anaingia, anaichukua, anatoka, kisha anarudi kukaa kitini. Kwa nini anakaa?

Puzo anakwambia. Pengine ni silika iliyomwonya, pengine ni woga mtupu. Alihisi kwamba angejitikisa kwa ghafla wangemuwahi. Ni sentensi chache tu, lakini zimebeba kitu ambacho waandishi wengi chipukizi hawathubutu kukiandika: msimulizi ajuaye yote anakataa kuamua kama mhusika wake ni jasiri au mwoga. Anaziacha sababu mbili zikae pamoja. Ukitaka kujifunza kuandika fikra za mtu bila kumsafisha, soma ukurasa huo mara kadhaa.

Coppola hana sentensi hizo, ana uso wa Al Pacino. Sollozzo anaongea Kiitaliano na filamu haikuwekei tafsiri chini ya picha. Mtazamaji asiyeijua lugha hiyo anabaki hana cha kusoma wala cha kufuatilia isipokuwa macho ya Michael, yanayohama huku na huku yasitue popote. Hapo unaingia mlio wa treni. Unapanda, unasaga, unakaribia kupasua masikio, na treni yenyewe huioni hata mara moja. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti, aliupachika mlio huo ufanye kazi ambayo kwenye riwaya inafanywa na maelezo ya ndani ya kichwa. Unajua kijana huyu anapasuka ndani. Sababu ya kukaa hupewi, na unaweza kubishana nayo na mwenzako usiku kucha.

Nani kafanya vizuri zaidi? Kwa onyesho hili naipa filamu, tena bila kusita. Lakini mwenye kuandika riwaya hana treni wala uso wa Pacino, kwa hiyo somo lake liko kwa Puzo.

Kabla ya hapo kuna onyesho la hospitali ambalo linafaa kutazamwa likiwa limezimwa sauti. Michael amemkuta baba yake hana ulinzi. Anatoka nje na Enzo, yule mfungwa wa vita aliyependwa na binti wa mwoka mikate, wasimame mlangoni wajifanye walinzi. Gari la wauaji linapita, linasita, linaondoka. Enzo anajaribu kuwasha sigara, mikono inamtetemeka. Michael anamwashia, kisha anautazama mkono wake mwenyewe: hautetemeki. Hakuna neno linalosemwa. Hapo ndipo mhusika amejigundua, na ndipo unapopaswa kuandika kwenye daftari lako kwamba amebadilika, wala si mgahawani.

Mhusika mmoja, maneno yanayopingana

Hili wengi hawalijui kwa sababu wameishia kwenye filamu. Kwenye skrini, Michael anapojitolea kwenda kuua, anamwambia Sonny kwamba halimhusu yeye binafsi, ni biashara tu. Maneno hayo yamekuwa kama methali, watu huyaandika hadi kwenye wasifu wa WhatsApp.

Kwenye riwaya, Michael huyohuyo anamwambia Tom Hagen kinyume kabisa: asidanganywe na mtu, kila biashara ni jambo la binafsi, watu huliita tu biashara. Na anaongeza kwamba hilo alijifunza kwa baba yake, maana Don huchukulia kila jambo kuwa limemgusa yeye mwenyewe, na ndiyo maana amekuwa mkubwa.

Usiseme filamu imekosea. Imejenga mtu mwingine. Michael wa skrini anajidanganya, na sisi tunamwona akijidanganya: shavu limevimba kwa ngumi ya McCluskey huku akisema si la binafsi. Kejeli iko kati ya anachosema na anachoonekana. Michael wa riwaya anajijua vizuri na anasema. Yupi anakutisha zaidi? Jibu lako litakwambia unapenda kuandika wahusika wa namna gani. Mimi anayenitisha ni wa kitabu, kwa sababu hana kisingizio.

Yaliyokatwa, na yaliyoongezwa

Riwaya ni nene, kurasa zaidi ya 400, na si zote zinalipa. Johnny Fontane amepewa nafasi kubwa mno, maisha yake Hollywood, sauti iliyomharibikia, rafiki yake mlevi. Lucy Mancini, mpenzi wa siri wa Sonny, ambaye kwenye filamu humwoni sana baada ya harusi, kitabuni anahamia Las Vegas na kupata daktari mpenzi pamoja na upasuaji unaoelezwa kwa urefu usio na haya. Sehemu hizo zinaning'inia pembeni ya msuko. Walimu wajue pia kuwa zina mambo ya chumbani ya wazi, kitabu hiki si cha kidato cha pili. Coppola alizifyeka na hakuna aliyezililia.

Kingine kilichokatwa ni hasara ya kweli: ujana wa Vito. Sehemu ya Tatu ya riwaya ni kisengerenyuma kirefu kinachomrudisha Don kwenye umaskini wa New York, kwa Fanucci aliyekuwa akiwatoza watu kwa vitisho, na kwa mauaji ya kwanza. Ndipo unapoelewa kwa nini mtu huyu anakusanya fadhila kama wengine wanavyokusanya fedha. Filamu ya kwanza haina hata dakika ya hayo. Yalitunzwa hadi sehemu ya pili, mwaka 1974, ambako Robert De Niro anamcheza Vito kijana, na maisha yake yanasukwa bega kwa bega na ya Michael. Matokeo yake, Don wa filamu ya kwanza ni fumbo na Don wa kitabu ni mtu mwenye sababu. Kama kazi yako ni kuandika uchambuzi wa mhusika, bila Sehemu ya Tatu utabaki kumsifia Brando.

Luca Brasi, muuaji anayemtumikia Don, naye amegawanyika hivyohivyo. Kitabuni kuna kitendo chake cha kale ambacho Michael anasimuliwa akiwa mafichoni Sicily baada ya mauaji ya mgahawani, kitendo cha kinyama kiasi kwamba sikiandiki hapa. Kwenye filamu, Luca amekaa peke yake harusini akikariri salamu zake kwa Don, halafu akifika mbele yake anababaika. Chanzo kilikuwa ajali ya kazini: mwigizaji Lenny Montana alikuwa na wasiwasi wa kusimama mbele ya Brando, akawa anakosea, na Coppola akaona bora autumie wasiwasi huo, akapiga picha za ziada za jitu likijifunza kusema asante. Kitabu kinakuogopesha na Luca. Filamu inakuogopesha na yule anayeogopwa na Luca.

Nyongeza kubwa ni mazungumzo ya bustanini kati ya Vito mzee na Michael, pale baba anapokiri kuwa maisha haya hakuyataka kwa mwanawe huyu, alimtarajia awe seneta au gavana. Kitabuni onyesho hilo halimo. Liliandikwa na Robert Towne, ambaye jina lake halikutokea kwenye filamu, ingawa Coppola alimshukuru alipopokea tuzo ya Oscar. Na ubatizo: Michael anasimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa Connie, padri anamuuliza kama anamkataa Shetani, na katikati ya majibu tunaonyeshwa watu wake wakiwaua wapinzani mmoja baada ya mwingine, kinanda cha kanisa kikiwa kimewafunika wote. Riwaya inayaeleza mauaji kila moja na maandalizi yake, ikiwa ni pamoja na Neri, askari wa zamani, anayevaa tena sare zake za polisi. Inamlipa hata Fabrizio, msaliti wa Sicily ambaye filamu imemwacha aende zake. Kitabu kinafunga hesabu zote. Filamu inabana dakika chache zikae kifuani.

Mwisho ni wa Kay

Kwenye filamu, Kay anamuuliza Michael kama ni yeye aliyemuua shemeji yake Carlo, mume wa Connie. Anakana. Kay anatoka, anageuka, anaona wanaume wakimbusu Michael mkono, na mlango unafungwa mbele ya uso wake. Basi.

Kwenye riwaya Kay anajua ukweli, anawachukua watoto na kwenda kwao. Tom Hagen anamfuata na kumweleza kwa nini Carlo alilazimika kufa. Anarudi. Anakuwa Mkatoliki, na kila asubuhi anakwenda kanisani na mama mkwe kuiombea roho ya Michael. Kay wa skrini amefungiwa nje. Kay wa kitabu ameingia ndani kwa miguu yake akijua anakoingia. Kwa upande wa wahusika wa kike huo ndio ukurasa wenye hoja nyingi zaidi katika kazi zote mbili, na anayeandika insha juu ya nafasi ya mwanamke asijaribu kuandika kwa filamu pekee.

Usiitazame na mtafsiri

Hapa nina neno kwa sisi tuliokulia vibanda umiza na sinema zilizotafsiriwa. Mtafsiri hodari ni msanii kamili, nawaheshimu, lakini tazama anachofanya: anakwambia mhusika anawaza nini, anakutania, anajaza kila kimya. Amekurudishia msimulizi maizi wa riwaya juu ya picha. Kwa filamu ya mapigano haina neno. Kwa hii, ukijaza kimya cha mgahawani na cha hospitalini, umebomoa mbinu yenyewe uliyokwenda kujifunza. Tafuta yenye sauti yake ya asili na maandishi ya chini tu, nayo ina dakika 175, kwa hiyo jipe jioni nzima.

Basi uchague vipi

Mwandishi wa skripti: tazama filamu mara mbili, ya pili ukiwa na kalamu. Kisha soma mwanzo wa riwaya hadi mauaji ya mgahawani, uone ni nini kilichukuliwa kama kilivyo. Utashangaa ni kingi. Kuna na kitabu kingine cha kukisaka. Coppola aliukata mgongo wa riwaya, akabandika kila ukurasa kwenye daftari kubwa, na kwa kila onyesho akajiandikia muhtasari, hali ya zama zile, taswira na hisia, kiini cha onyesho, na mitego ya kuepuka. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 2016. Hata usipolipata, vichwa hivyo vitano vinatosha kuanzia kazi yako mwenyewe, hasa cha mwisho, ambacho watu wetu hawajiulizi kabisa.

Mwandishi wa riwaya: mwanzo hadi mgahawa, Sehemu ya Tatu yote, kipindi cha Sicily, na kurasa za mwisho. Fontane mpitie juujuu. Lugha ya Puzo haina madoido, na mwenye Kiingereza cha kidato cha nne atafika.

Mwanafunzi wa fasihi: riwaya yote, pamoja na sehemu dhaifu, kwa sababu udhaifu nao huchambuliwa. Filamu uiweke mwisho, usije ukamsoma Vito kwa sauti ya Brando.

Na kama Kiingereza ni kikwazo, au umechoshwa na Wasicilia, kuna jozi ya Kiswahili ya kufanyia zoezi hilohilo: Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya 1999, na filamu ya Amil Shivji ya 2021, Zanzibar ya enzi za Mwingereza, na Yasmin aliyeozwa mtu mzima kabla hajajijua. Hapo agizo langu ni kitabu kwanza, kwa kuwa utamu wa Shafi uko kwenye lugha, na lugha hiyo kamera haiwezi kuibeba yote. Ukimaliza, kabla ya kutazama, andika orodha ya wahusika wote unaowakumbuka. Kisha filamu ikiisha, weka alama kwa waliobaki na uulize kila aliyeondolewa kazi yake amepewa nani.